Nyaraka za Nyumbani: Karatasi za Wakimbizi wa Kiyahudi na Masanduku ya Ukambani

Utangulizi

Karatasi ambayo mtu huitunza mwenyewe nyumbani ni tofauti na ile ambayo serikali humtunzia. Ya serikali husema mtu alitendwa nini; ya nyumbani husema yeye mwenyewe alinena nini, kwa lugha gani, na kwa nani. Tofauti hii ni ya msingi kwa mtaalamu wa lugha, lakini katika idara za lugha za Afrika Mashariki haijapewa uzito unaoistahili. Makala haya yanaichunguza kwa kutazama mafungu mawili ya karatasi. La kwanza ni nyaraka binafsi na za kifamilia za Wayahudi walioukimbia utawala wa Manazi, ambao baadhi yao walifika Kenya. La pili ni barua za askari wa Kikamba wa vita hivyohivyo vya pili vya dunia, ambazo mahali pake pa kutafutwa ni nyumba za Kitui na Makueni.

Hoja inayoshikiliwa ni moja: nyaraka za aina hii hufa mara mbili. Hufa kwa mchwa, moto na mvua. Lakini aghalabu, kabla ya mchwa kufika, huwa zimekwisha kufa kwa kukosa msomaji, pale lugha yake au namna ya mwandiko wake inapotoweka nyumbani. Kifo hicho cha kwanza ndicho ambacho wanalugha wanaweza kukizuia. Hapana budi kuongeza kwamba kulinganisha si kusawazisha. Mauaji ya Wayahudi wa Ulaya wapatao milioni sita hayana mfano wake katika historia ya Ukambani, wala makala haya hayautafuti. Kinacholinganishwa ni karatasi, na yale yanayozipata.

Mtu na karatasi yake

Manazi walishika serikali ya Ujerumani mwaka 1933. Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 ziliwavua Wayahudi haki za uraia kamili. Mwezi wa Oktoba 1938 pasi zao zilianza kupigwa chapa ya herufi J, na kuanzia Januari 1939 kila Myahudi ambaye jina lake halikuwamo katika orodha ya majina yaliyoruhusiwa alilazimishwa kuongeza jina la Israel akiwa mwanamume, au Sara akiwa mwanamke. Hapa karatasi ya serikali haikuishia kumwandikisha mtu. Ilimpa jina jipya. Barua za nyumbani, kwa upande mwingine, ziliendelea kumwita kwa jina alilopewa na mamaye, na mara nyingi kwa jina la utani la utotoni. Mtafiti atakayesoma faili za serikali peke yake atawakuta akina Sara wengi mno. Atakayesoma barua atawakuta watu.

Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao, na karibu wote wakatoa udhuru. Kenya iliwapokea wachache. Miongoni mwao ilikuwamo familia ya wakili mmoja kutoka mji wa Leobschütz, Silesia, Walter Zweig, iliyofika mwaka 1938. Mtu aliyesomea sheria akajikuta msimamizi wa shamba la mzungu mwenzake, katika nchi ambayo hakuijua lugha yake wala majira yake. Binti yake Stefanie, aliyezaliwa mwaka 1932, ndiye baadaye aliyeiandika habari hiyo.

Vita vilipozuka Septemba 1939, serikali ya kikoloni iliwahesabu wanaume wa Kijerumani waliokuwa Kenya kuwa raia wa nchi ya adui na kuwaweka kizuizini, wakiwamo wakimbizi wa Kiyahudi. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na karatasi mbili zinazokanushana: ya Berlin iliyomwambia kuwa yeye si Mjerumani kama Wajerumani wengine, na ya Nairobi iliyomwambia kuwa ni Mjerumani hasa. Novemba 1941 Berlin ikamaliza shauri hilo kwa kuwavua uraia Wayahudi wote wa Kijerumani waliokuwa wakikaa nje ya nchi. Mkanganyiko huu hauwezi kueleweka kwa kusoma upande mmoja tu. Barua na shajara ndizo zinazoonyesha jinsi mwenyewe alivyojiita wakati serikali mbili zikimgombania ili zimkatae.

Maneno ishirini na matano

Posta ya kawaida baina ya nchi zilizopigana ilipokatika, njia iliyobakia ilikuwa fomu ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Fomu hiyo iliruhusu maneno 25, yawe ya mambo ya nyumbani tu, na jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ileile. Ilipita mikononi mwa wakaguzi na ikachukua miezi kufika. Kwa mwanaisimu, hii ni sajili ya pekee. Mwandishi hana nafasi ya kivumishi. Kila jina la ndugu linalotajwa ni taarifa kwamba yu hai; kila jina lisilotajwa ni swali. Neno la kawaida kama ‘safari’ au ‘kuhama’ huweza kubeba maana ambayo mkaguzi haioni na mpokeaji haithubutu. Katika familia nyingi karatasi ya mwisho ndiyo hiyo, na baada yake ni kimya.

Fomu za namna hii zimo leo katika hazina kadha za nyaraka. Mojawapo ni maktaba iliyoanzishwa na Alfred Wiener, Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa pia msomi wa Kiarabu. Alianza kukusanya ushahidi juu ya Manazi mjini Amsterdam mwaka 1933, na mwaka 1939 akauhamishia London. Katika miaka ya 1950 maktaba hiyo, chini ya uongozi wa Eva Reichmann katika kazi hiyo, ilikusanya maelezo zaidi ya 1,000 ya watu walioyaona mambo kwa macho yao. Taasisi ya Leo Baeck, iliyoundwa mwaka 1955 yenye vituo Jerusalem, London na New York, nayo ilijishughulisha na kumbukumbu na karatasi za familia za Wayahudi waliosema Kijerumani.

Ni vema kuuliza kwa nini familia zilizitoa karatasi hizo. Sababu moja ni ya lugha. Watoto wa wakimbizi walikulia katika Kiingereza, Kiebrania au Kihispania. Wengi wao hawakuweza kusoma Kijerumani. Na hata waliokiweza walishindwa na mwandiko. Shule za Ujerumani zilikuwa zikifundisha mwandiko wa mkono wa kale, na namna yake iitwayo Sütterlin ilifundishwa tangu 1915 hadi serikali ilipoifuta mwaka 1941. Barua ya bibi ikawa kwa mjukuu kama michoro tu. Karatasi ilikuwa nzima, wino ulikuwa haujafifia, na bado barua ilikuwa imekwisha kufa. Iliyoifufua ni kazi ya watu wa lugha: wasomaji wa mwandiko, wafasiri, na wakutubi walioandika pembeni nani alikuwa nani.

Kiswahili katika nyumba ya mkimbizi

Jambo jingine lawahusu wanalugha wa Kiswahili moja kwa moja. Mkimbizi wa Kenya alijifunza Kiswahili kabla ya Kiingereza, au pamoja nacho, na alijifunza kwa mpishi, kwa mchungaji wa ng’ombe, na kwa watoto. Riwaya ya Stefanie Zweig ya mwaka 1995, Nirgendwo in Afrika, yaani ‘Pasipo Popote Afrika’, iliyotengenezewa filamu mwaka 2001, ina maneno ya Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Mtoto hunena Kijerumani na wazazi, Kiswahili na Owuor mpishi, na Kiingereza katika shule ya bweni. Familia ilirudi Ujerumani mwaka 1947, na lugha moja kati ya hizo tatu ikabaki haina mtu wa kusemwa naye.

Walakini riwaya ni riwaya. Iliandikwa karibu nusu karne baada ya mambo yenyewe, na majina ya familia yamebadilishwa. Karatasi za wakati ule zina faida nyingine: zinaonyesha Kiswahili jinsi kilivyosikika katika sikio la mgeni aliyekuwa bado hajui kukiandika. A. J. Vitale alipoichunguza Kisetla katika makala yake ya mwaka 1980, aliielezea kama pijini ya Kiswahili cha Kenya iliyokua baina ya walowezi na watumishi wao. Mkimbizi alikuwa mzungu kwa rangi, lakini hakuwa bwana kwa hali, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuajiriwa na kuamriwa. Kama Kisetla ni lugha ya amri, swali ni hili: je, mtu asiye na nguvu ya kuamuru aliisema vivyo hivyo? Jibu halimo katika sarufi yoyote iliyochapishwa. Likiwapo, limo katika orodha za maneno, madaftari ya mapishi na barua za wakimbizi.

Masanduku ya Ukambani

Mwaka uleule wa 1938 ambao familia za wakimbizi zilikuwa zikiteremka Mombasa, Wakamba waliongozwa na Muindi Mbingu kwenda Nairobi kupinga kunyang’anywa mifugo yao, na yeye akahamishiwa Lamu. Mwaka mmoja baadaye vita vilianza, na Wakamba wakaandikwa kwa wingi katika jeshi la Kings African Rifles na vikosi vingine. Walipigana na Waitalia Uhabeshi, kisha mwaka 1944 wakawamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki huko Burma. Kitui na eneo ambalo leo ni Makueni, wakati huo likiwa sehemu ya wilaya ya Machakos, zilitoa askari hao; na askari huandika nyumbani.

Barua ya askari ilikuwa na safari ya lugha iliyo ndefu kuliko safari ya meli. Mwenyewe aliifikiri kwa Kikamba. Kama hakujua kuandika, aliisema kwa mwenzake aliyejua, naye aghalabu akaiandika kwa Kiswahili, lugha ya jeshi. Mkaguzi aliisoma. Ikafika kwa mke ambaye huenda hakujua Kiswahili wala kusoma, ikasomwa na mwalimu au mwanafunzi, na kurudishwa tena katika Kikamba. Jibu likafuata njia ileile kinyumenyume. Kila mkono ulioigusa uliacha alama yake. Salamu za mwanzo, maulizo ya afya na orodha ya majina ya kusalimiwa ni urithi wa barua za pwani, ambako barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana, za Kilwa, zilizohifadhiwa Goa, ni za tangu mwaka 1711.

Tahajia nayo ni ushahidi. Kikamba kina irabu saba, na katika maandishi yake irabu mbili hupewa alama juu: ĩ na ũ. Mwandishi aliyezoea Kiswahili huziacha alama hizo, na msomaji akabaki kukisia. Tena r si sauti ya asili ya Kikamba, wala b isiyotanguliwa na m. Ndiyo sababu neno barua lenyewe katika Kikamba likawa valũa. Mtafiti akikutana na l mahali pa r katika barua ya askari, asiyasahihishe. Hilo si kosa la kufutwa. Ni sauti ya mtu aliyekwisha kufa, na pengine ndiyo alama pekee iliyobaki ya jinsi alivyonena.

Karin Barber, katika kitabu alichokihariri mwaka 2006 juu ya maandishi ya watu wa kawaida wa Afrika, ameyaita maandishi ya namna hii kuwa ni ya sanduku la bati. Jina hilo lafaa Ukambani. Sandukuni huwekwa kipande cha kazi, kilichofutwa mwaka 1947 baada ya kuvaliwa shingoni kwa zaidi ya robo karne, cheti cha kuachishwa jeshi, risiti za kodi, na barua. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na manowari ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa nyumba zilizopotewa na watu siku ile, barua ya mwisho haikuwa kumbukumbu tu. Ilikuwa kaburi.

Hitimisho

Funzo la karatasi za wakimbizi kwa Kitui na Makueni ni la utaratibu. Kwanza, msomaji hutafutwa kabla ya karatasi. Wazee waliowasomea wake wa askari barua hizo wakiwa wanafunzi ni wachache sana leo, na kila mmoja ni ufunguo wa maandishi ambayo hayafunguki vinginevyo. Pili, karatasi inakiliwe na asili ibaki kwa wenyewe. Familia ya Kikamba haina sababu ya kuamini kwamba kinachochukuliwa na watu wa ofisi hurudi. Tatu, inakiliwe kama ilivyo, bila kusanifishwa, na pembeni iandikwe nani alisema, nani aliandika, nani alisoma, na kwa lugha ipi. Nne, wenye barua waulizwe ni yapi yasitoke nje, kwa maana barua ya mume kwa mke haikuandikwa kwa ajili ya mhadhara.

Kazi hii haihitaji mashine za gharama. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kipo Kitui kwenyewe, na wanafunzi wake wengi wanaweza kuianza nyumbani kwao wakati wa likizo, kwa kumwomba nyanya ruhusa ya kufungua sanduku. Maktaba ya Wiener nayo ilianza na mtu mmoja aliyekataa kutupa karatasi. Wajukuu wa Leobschütz waliwapata watu wa kuwasomea mwandiko wa bibi zao wakati bado wako walioujua. Wajukuu wa Kibwezi, Mutomo na Mwingi hawajaipoteza bado nafasi hiyo, lakini kila msiba wa mzee unaipunguza.