Piragi, Chakula cha Watu wa Latvia

Sambusa sote tunaijua. Leo tutaeleza habari za chakula kinachofanana nayo kidogo. Kinaitwa piragi. Ni chakula cha Latvia, nchi ndogo ya Ulaya iliyo kando ya Bahari ya Baltiki.

Huko baridi ni kali. Tangu zamani wakulima walikausha nyama ya nguruwe kwa moshi ili isioze. Nyama hiyo yenye mafuta ndiyo inayotiwa ndani ya piragi. Wengine hutia kabichi.

Je, piragi hupikwaje? Mpishi hukanda unga wa ngano pamoja na maziwa ya uvuguvugu, siagi, hamira, chumvi na sukari kidogo. Huufunika uumuke. Huku nyuma hukatakata nyama na vitunguu vipande vidogo sana, akatia pilipili manga. Kisha huchukua donge dogo, hulitandaza, huweka nyama kijiko kimoja kidogo, hulikunja na kubana kingo. Asipobana vizuri, mafuta yatavuja. Hulipinda kama mwezi mwandamo, hulipaka yai, halafu huoka mpaka rangi iwe ya kahawia. Piragi hizi hazikaangwi kama sambusa.

Mnaona faida yake? Nyama kidogo inalisha watu wengi. Piragi hazikosekani arusini, wakati wa Krismasi, na katika sikukuu yao kubwa ya tarehe 23 na 24 Juni.

Mwaka 1940 Latvia ilitekwa na Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1944, wakati wa vita, watu wengi sana walikimbia. Walikaa kwenye makambi Ujerumani, kisha wengi wakaenda Marekani, Kanada na Australia. Mashamba waliyaacha. Nyumba waliziacha. Lakini ujuzi wa mikono yao hawakuuacha. Waliendelea kuoka piragi na kuwafundisha watoto waliozaliwa ugenini. Latvia ilipata tena uhuru wake mwaka 1991. Kumbe hata wajukuu wa wale wakimbizi, walioko mbali, wanajua kuzipika mpaka leo!

Na sisi je? Viko vyakula ambavyo bibi zetu peke yao ndio wanaojua kuvipika. Wakifariki, vitapotea. Sasa tunajua kuandika. Tuwaulize mapema, tuandike madaftarini, tuwafundishe na watoto wetu. Mwacha mila ni mtumwa.