Tyubu inapepesa: elektroni zinapata wapi nguvu?

Leo nina somo la fizikia, ila msikimbie, linagusa afya zetu.

Ndani ya taa ya tyubu hamna waya unaowaka kama globu za zamani. Mna gesi ya agoni na zebaki kidogo, kwa presha iliyo chini mno ya hewa tunayovuta.

Kwa nini presha ndogo? Jaribu kukimbia sokoni siku ya gulio: hatua mbili tu umegonga mtu. Alfajiri pakiwa patupu, unachanganya mbio. Elektroni nayo inasukumwa na umeme, na gesi ikiwa chache inapata nafasi ya kuongeza kasi kabla ya kugonga atomu.

Ikigonga je? Atomu ya agoni ni nzito kuliko elektroni mara 73,000 hivi. Ni kama gololi na jiwe: inadunda, inageuka njia, ila kasi karibu yote inabaki nayo. Inasukumwa tena, inaongeza tena. Ndiyo maana elektroni zinafikia joto la zaidi ya digrii 10,000, huku kioo unakishika kwa mkono!

Zile zinazofikisha elektronivolti 4.9 zikigonga zebaki zinaweza kuipa nguvu hiyo kwa mpigo mmoja. Zebaki inatoa mwanga wa urujuanimno usioonekana, na unga mweupe wa kwenye kioo unaugeuza kuwa mwanga wa kuonea. Umeme ukiwa mdogo msukumo hautoshi, stata inajaribu na kujaribu, tyubu inapepesa na ncha zake zinachakaa.

Sasa wadau, zebaki ni sumu. Nimeona watoto wanacheza na tyubu zilizokufa kama mapanga. Ikipasuka ndani, fungua madirisha, tokeni nje dakika 15. Usifagie kwa ufagio, unatawanya sumu. Okota vipande kwa karatasi ngumu, tia kwenye kopo lenye mfuniko.

Nchi za Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana 2023 kuachana na utengenezaji na uagizaji wa tyubu hizi ifikapo 2027. Safi, lakini za zamani bado zimejaa darini, madukani na jalalani.

Mdau, ya kwenu ikifa mnaitupa wapi? Nawasilisha.