Pikipiki mbili za zamani: uliza mguu wako kwanza

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo sitasema juu ya vumbi la shimoni wala juu ya maji ya kuchemsha. Nitasema juu ya pikipiki. Safari ya kazi inaanza mlangoni pa nyumba, na dispanseri inapokea miguu iliyovunjika barabarani sawasawa na ile iliyoumia kazini.

Jumamosi moja fundi mmoja wa atelie, baba wa watoto sita, alikuja kuniona pamoja na mke wake. Mzee mmoja wa pensheni, aliyewahi kufanya kazi Zambia, alikuwa na pikipiki mbili za Waingereza na alitaka kumwuzia moja. Ya kwanza ni Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1970. Ya pili ni Norton Commando 850 Mark III ya mwaka 1975.

«Munganga,» aliniambia, «moyo wangu uko kwa Triumph. Lakini mama huyu anasema nikuulize wewe kwanza, kwa sababu ya goti.»

Goti lake la kuume ninalijua, nililifunga mimi mwenyewe. Na Triumph hiyo inawashwa kwa mguu wa kuume tu. Moteri ya 650 ikiwa imetengenezwa vibaya inaweza kurudisha teke, na teke hilo linapiga kisigino na goti. Norton ina demareri ya umeme. Ni kweli, demareri ile haina nguvu nyingi, na betri ikichoka utapiga teke tu kama wengine. Lakini si kila asubuhi.

Basi nikamwuliza jambo ambalo hakulingoja: «Baba, sasa unaendesha pikipiki gani?» Akajibu kwamba miaka minane anaendesha pikipiki ndogo ya 125, ile tunayoiona kila mahali. Hapo ndipo penye hatari, wandugu.

Katika pikipiki za leo, vitesi ziko mguu wa kushoto na freni ya nyuma iko mguu wa kuume. Triumph ya 1970 ni kinyume: vitesi kuume, freni kushoto. Waingereza wengi walitengeneza hivyo miaka mingi, mpaka Marekani, iliyokuwa soko lao kubwa, ilipoamuru vitesi ziwe kushoto kwa pikipiki zilizotengenezwa tangu Septemba 1974. Kwa hiyo Norton ya 1975 ina vitesi kushoto, kama ile 125.

Mtu atasema: nitajifunza. Ndiyo, katika barabara tupu utajifunza kwa siku chache. Lakini mtoto akikimbilia mpira mbele yako, hupati nafasi ya kufikiri. Mguu unafanya ule ulioujua miaka minane. Mguu wa kuume unakanyaga ukitafuta freni, unakuta vitesi. Mguu wa kushoto unashuka ukitafuta vitesi, unakuta freni, na gurudumu la nyuma linafungwa.

Tulikwenda kwa mzee tukajaribu. Tuliisimamisha Triumph juu ya kiguzo chake, moteri imezimwa, fundi akapanda. Nilizungumza naye habari za watoto, kisha ghafula nikapiga kelele: «Simama!» Mara tatu nilifanya hivyo, na mara tatu mguu wa kuume ulikanyaga vitesi. Mke wake alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka tena.

Sisemi Triumph ni mbaya. Ni nyepesi, haifiki kilo 190, wakati Norton inapita 200, na katika njia ya mchanga uzito huo unausikia mikononi. Mzee mwenyewe, ambaye mguu wake ulizaliwa upande ule, anaiendesha vizuri kabisa. Na Norton ina taabu yake: moteri yake imening'inizwa katika raba ili isitikise mwili wa mtu. Raba zikichoka, au nafasi yake ikizidi, pikipiki inayumba kama mlevi ukienda mbio. Katika Mark III kuna mahali pa kuzungusha ili kurekebisha nafasi hiyo. Fundi arekebishe kabla ya kutoka barabarani.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Triumph ina freni za ngoma, na viatu vya freni vya miaka ile vilitengenezwa mara nyingi kwa amianti. Wengi wakifungua ngoma wanapuliza vumbi kwa mdomo au kwa hewa ya kompresa. Msifanye hivyo! Vumbi la amianti linaingia katika mapafu na ugonjwa unatokea baada ya miaka mingi. Pangusa kwa kitambaa kilicholowa, ukifunge katika plastiki, watoto wakae mbali. Hata vipande vya zamani vya freni ya diski vishikwe namna hiyo.

Na kaske. Mnamo Mei 1935 Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu katika vita vya 1914-1918, alianguka na pikipiki yake ya Brough Superior, kichwa wazi. Alikufa baada ya siku sita. Munganga mmoja aliyemwangalia, Hugh Cairns, hakusahau. Alichunguza majeraha ya vichwa vya askari wa pikipiki, akaandika juu yake mwaka 1941, na mwaka uleule jeshi la Uingereza likaamuru wapeleka barua wake wavae kaske. Raia wote wa kule walilazimishwa mwaka 1973 tu.

Kwa wamama: bomba la moshi linabaki moto hata pikipiki imezimwa. Mtoto akiungua, mwagia maji baridi ya bomba dakika 20, kisha mlete. Dawa ya meno, mafuta ya mawese na udongo, hapana.

Fundi wetu alichukua Norton, kwa uso wa mtu aliyekubali nusu. Kaske ilinunuliwa kwanza. Mama ndiye aliyeichagua, nyeupe. Pikipiki yenyewe ingali uani kwao, inangoja raba mpya, na yeye anakuja kazini kwa ile 125.