Umembebea Mwenzio Mimba: Nani Aambiwe, Nani Asioneshwe

Mimba haifichiki Soweto. Ni kata ya Manispaa ya Moshi, lakini majirani wanafuatiliana kama wako kijijini Uru au Kibosho. Mama akianza kuvaa dira mwezi wa tano, muuza genge ameshaona, dereva wa bodaboda ameshaona, na wenzake wa kikoba wameanza kuhesabu miezi. Kwa mjamzito wa kawaida macho hayo ni baraka, maana ndiyo yatakayoleta mchango na mkungu wa ndizi siku ya kujifungua. Kwa mwanamke aliyekubali kumbebea mwenzake mimba mambo ni tofauti. Miezi tisa itaisha, naye atarudi nyumbani bila mtoto.

Juu ya macho ya mtaa sasa kuna simu. Picha moja ya status ya WhatsApp hukaa saa 24, lakini hiyo ni ahadi ya programu tu. Yeyote aliyeiona anaweza kupiga picha kioo cha simu yake akaituma kwenye kundi la ukoo, na kundi la ukoo la familia ya Kichaga lina watu Dar es Salaam, Nairobi na Marekani. Jambo lililosemwa asubuhi Soweto linaweza kujibiwa jioni na shangazi ambaye hajakanyaga Moshi kwa miaka.

Utaalamu wenyewe si mgeni tena duniani. Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetokana na yai lililorutubishwa maabara, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Hatua iliyofuata ilikuwa kuweka kiinitete cha wanandoa fulani katika tumbo la mwanamke mwingine, hasa pale mke anapokuwa ameondolewa kizazi au ana maradhi yasiyomruhusu kubeba mimba. Tanzania hatuna sheria mahususi juu ya jambo hili. Hakuna kifungu kinachosema mbebaji ni nani mbele ya mtoto, wala nani anaruhusiwa kutangaza nini. Wanaoingia katika makubaliano hayo wanategemea kuaminiana, na kuaminiana ndiko kunakovunjwa kwanza na simu.

Tumtazame Kim Cotton. Januari 1985 mwanamke huyu Mwingereza alijifungua mtoto wa kike huko Barnet, kaskazini mwa London, kwa ajili ya wanandoa ambao hakuwahi kukutana nao. Alilipwa pauni 6,500 kwa kubeba mimba, kisha akaliuzia gazeti simulizi yake. Waandishi walizingira hospitali, na mwaka huohuo Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kupiga marufuku biashara ya uwakala wa mimba za namna hiyo. Jina lake likajulikana duniani kote. Wale wazazi, hata hivyo, hawakuwahi kutajwa hadharani, wala jina la mtoto. Mahakama iliyoamua mtoto akabidhiwe kwao ndiyo iliyowafichia majina. Kwa hiyo mbebaji alisema yake, na ya mtoto yakabaki kwa mtoto. Sidhani kama ingewezekana leo, wakati muuguzi, mlinzi na mgonjwa wa kitanda cha jirani wote wana kamera mkononi.

Jirani zetu Kenya walifika mahakamani mwaka 2014. Mwanamke alikuwa amewabebea wanandoa mapacha, na hospitali ikauliza ni jina la nani liandikwe kwenye taarifa ya kuzaliwa. Mkurugenzi wa huduma za watoto akaagiza mapacha wapelekwe kwenye makao ya watoto. Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliona kwamba hatua hiyo iliwavunjia wahusika haki zao. Mwanasheria yeyote anaweza kuisoma hukumu hiyo, lakini mama huyo anaitwa J.L.N. tu. Herufi tatu zilitosha kutenda haki na kumwacha aendelee kuishi mtaani kwake.

Afrika Kusini wameuandika ulinzi huo wa majina katika sheria yao ya watoto ya mwaka 2005. Makubaliano ya kubebeana mimba lazima yathibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijatungwa, na kifungu cha 302 kinakataza kuchapisha jambo lolote linalomtambulisha mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo. Wahusika wenyewe nao hawatajwi bila ridhaa yao ya maandishi. Hicho ndicho kifungu ambacho ningependa kukiona Dodoma.

Nasisitiza kwa sababu ya mambo ya kwetu milimani, hasa kihamba. Shamba la migomba na kahawa hurithishwa ndani ya ukoo, na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba ni tangazo kwamba huyu ni wetu. Sasa fikiri dada mmoja wa Soweto ameweka picha Facebook akiwa na tumbo kubwa, ameandika kwa upendo kabisa kwamba anambebea wifi yake. Leo watu watampongeza. Miaka thelathini baadaye wazazi wamekufa, na baba mdogo mwenye tamaa ya ardhi anaifufua picha ileile kwenye kikao cha ukoo: mtoto huyu hakutoka tumboni mwa mke wa ndugu yetu, kihamba hakimhusu. Mtoto aliyetungwa kwa mbegu ya baba yake na yai la mama yake anageuzwa mgeni nyumbani kwao kwa maneno ya mtu aliyempenda. Aliyeiandika hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Kwa hiyo naona mpaka uko wazi. Mwili ni wa mbebaji, na masimulizi ya mwili ni yake. Akitaka kusema alivyotapika miezi mitatu, alivyoogopa upasuaji, alivyojivunia kumsaidia mwenzake, aseme, na wazazi wasimfunge mdomo kwa kuwa wamelipa gharama za kliniki. Lakini sura ya mtoto, jina lake, wazazi wake, hospitali na tarehe ya kuzaliwa si vyake vya kugawa. Makosa hufanyika pia upande wa pili, na nadhani ndiyo mengi: wazazi kwa furaha wanamrusha mbebaji mtandaoni, wamemtaja na mtaa wake, bila kumuuliza wala kumuuliza mumewe.

Picha huvujisha kuliko maneno. Pembeni mwa picha ya ultrasaundi kwa kawaida huchapwa jina la mama na tarehe, mara nyingi na jina la hospitali. Kadi ya kliniki ina umri, makazi na majibu ya vipimo. Mambo haya yazungumzwe mapema, kabla kiinitete hakijapandikizwa: nani atatangaza, lini, kwa picha ipi, na mbebaji ataendelea kupata habari za mtoto kwa njia gani. Yaandikwe na kusainiwa.

Hospitali nazo hazina kisingizio. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Novemba 2023 hospitali moja ya Kampala ilitangaza kwamba Safina Namukwaya, mwenye miaka 70, amejifungua mapacha kwa yai la kuchangiwa, na ndani ya siku chache dunia nzima ilikuwa inajadili umri wake na ndoa yake. Mtoa huduma akifurahia mafanikio yake, akumbuke kwamba mgonjwa ndiye atakayeishi na habari hiyo.

Hata hivyo simshauri mtu anyamaze kabisa. Ukimya mtupu ni hatari kwa mbebaji. Mwanamke aliyeonekana na tumbo mwezi wa nane, kisha anaonekana sokoni bila tumbo wala mtoto wala msiba, ataulizwa. Wengine watanong'ona kwamba ameua, wengine kwamba ameuza, na nchi hii ina sheria kali ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Mumewe ajue, mkubwa mmoja wa familia ajue, na hati ziwe kwa wakili. Watoto wake waambiwe mapema kwa lugha yao, kwa sababu wao ndio watakaoulizwa shuleni mdogo wao yuko wapi. Kwa jirani sentensi moja inatosha: nilimsaidia ndugu yangu, mtoto yuko salama kwa wazazi wake. Naye mtoto mwenyewe asifichwe daima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa haki ya kuwajua wazazi wake wa asili na ukoo wake. Aelezwe na waliomlea, wakati unaomfaa, asiikute habari hiyo kwenye simu ya mwanafunzi mwenzake.

Wachaga wa zamani hawakuwa na haraka ya kumwonesha mtoto. Mzazi alikaa ndani miezi mitatu, akilishwa nyama, mafuta na maziwa. Muda ulipotimia alinyolewa, akavikwa shanga, akashika fimbo kama ya wazee na kwenda sokoni na mwanawe, akipokewa kwa nyimbo kama askari aliyetoka vitani. Mtaa ulisubiri ruhusa. Mbebaji anastahili mapumziko hayo na nyama hiyo hata kama hana mtoto wa kubeba kwenda sokoni, kwa kuwa mwili wake umezaa kama miili mingine.

Wabunge wa Kilimanjaro, na wa mikoa mingine, walete muswada wenye ulinzi wa majina ya mbebaji, wazazi na mtoto. Wakati tunawasubiri, ndugu msomaji, ukimwona mama wa mtaani kwako amerudi bila mtoto, mpelekee mtori, na simu yako iache nyumbani.