Kupunguza Uzito kwa Njia Salama: Kazi Huanzia Jikoni

Mkazi anayepimwa katika zahanati na kuelezwa kuwa shinikizo lake la damu limepanda, au kwamba sukari imeanza kuzidi, mara nyingi hurejea nyumbani na agizo fupi: apunguze uzito. Agizo hilo ni sahihi, lakini halimwelezi apunguze kilo ngapi, kwa muda gani, wala kitu gani kiondoke katika sahani aliyoizoea tangu utotoni. Pengo hilo ndilo linalojazwa na wauzaji wa vidonge na majani ya chai yanayodaiwa kuyeyusha kitambi kwa siku saba. Hakuna kitu kinachoyeyusha mafuta ya mwili kwa siku saba. Dawa ya kuharisha au ya kukojoza hutoa maji mwilini, mizani ikashuka kwa siku chache, na maji yanaporudi mizani nayo hupanda.

Suala hili si la watu wa mijini peke yao. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulibaini kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, kutoka asilimia 22 mwaka 2010. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo, mama mwenye uzito uliozidi na mtoto aliyedumaa wanaweza kuwa wanakula kutoka sufuria moja, na jambo hilo lina maana kubwa kwa ushauri unaofuata.

Hatua ya kwanza ni kipimo. Uzito katika kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mwanamke mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 hupata 32. Mtu mzima mwenye jibu kati ya 18.5 na 24.9 yuko katika uzito unaofaa; kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kipimo cha pili hakihitaji mizani, bali utepe wa fundi cherehani tu. Hupitishwa kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi. Mwanamke anayezidi sentimita 80 na mwanaume anayezidi sentimita 94 wana sababu ya kuchukua hatua, kwa kuwa mafuta yanayokusanyika tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo. Wanaume wengi wembamba wa miguu na mikono hujiona salama, kumbe utepe una habari nyingine.

Lengo la mwanzo lisiwe kurudia umbo la ujanani. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kushusha shinikizo la damu na sukari kwa watu wengi. Kwa mwanamke wa mfano uliotajwa, asilimia 5 ni kilo nne tu, na zikipungua kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, kazi hiyo ni ya miezi miwili. Mwendo huo unaonekana wa polepole, lakini una ushahidi nyuma yake. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58 likilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa na ushauri wa kawaida.

Jikoni, mahali rahisi pa kuanzia ni kikombe cha chai. Anayetia vijiko vitatu vya sukari katika kikombe, na kunywa vikombe vitatu kwa siku, hutumia zaidi ya kilo moja ya sukari kwa mwezi katika chai pekee. Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana isifike 25. Kuacha sukari ghafla huwashinda wengi. Kupunguza nusu kijiko kila wiki huuzoesha ulimi bila ugomvi. Tunda lililwe lenyewe badala ya kukamuliwa juisi na kutiwa sukari. Wanaokunywa bia wajue kuwa chupa ya mililita 500 ina takriban kilokalori 200, kabla ya kuhesabu nyama choma na chipsi zinazoiandama.

Baada ya sukari huja mafuta, na hapa ndipo penye mengi. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga au sukari. Familia ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta ya kupikia kwa siku nne humpa kila mmoja takriban kilokalori 400 kwa siku ambazo hakuna anayezihesabu, kwa kuwa hazionekani sahanini. Lita hiyo ikidumu siku nane, nusu ya nishati hiyo huondoka bila mtu kulala njaa, na fedha ya mafuta hubaki. Njia ni rahisi: mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu, mchicha na matembele yapikwe kwa nyanya na karanga kidogo, samaki achemshwe au achomwe siku nyingine badala ya kukaangwa kila siku. Gramu 100 za viazi mviringo vilivyochemshwa hazifiki kilokalori 100, lakini vikigeuzwa chipsi, gramu hizohizo hukaribia 300. Sahani ya chipsi mayai si adui. Adui ni kuila kila jioni kwa sababu kibanda kiko njiani.

Ugali hauhitaji kuachwa. Unachohitaji ni kupunguziwa nafasi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali, wali, ndizi au muhogo, na robo iliyobaki iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Mboga ipakuliwe kwanza, kwani ugali ukitangulia, mboga hupata ukingo tu wa sahani. Dona hushibisha kwa muda mrefu zaidi kuliko sembe kwa sababu ya makapi yake, ingawa dona nalo hunenepesha likijazwa mlima. Hakuna haja ya kununua vyakula vya makopo vinavyouzwa kwa jina la lishe ya kupunguza mwili. Soko la kata lina kila kinachotakiwa.

Mpishi akumbuke watoto. Anayepunguza ni mtu mzima, na mtoto mdogo anahitaji mafuta, maziwa na mayai ili akue. Chakula kikipikwa kwa mafuta machache, uji au mboga ya mtoto inaweza kuongezewa kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa katika bakuli lake.

Kuhusu mazoezi, ukweli mmoja husemwa kwa nadra. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi nusu saa hutumia takriban kilokalori 150, ambazo hazifiki chupa moja ya bia. Mazoezi peke yake, bila kugusa sahani, hupunguza uzito kidogo sana. Thamani yake iko kwingine: hulinda misuli wakati mafuta yakipungua, hushusha shinikizo la damu na sukari hata kabla mizani haijasogea, na huzuia kilo zilizotoka zisirejee. Kiwango kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Mkulima aliyeshika jembe asubuhi nzima ameshatimiza sehemu yake. Anayelengwa zaidi ni mwenye duka, dereva wa bodaboda na mtumishi wa ofisini. Wanawake wanaoona haya au hofu ya kutembea peke yao alfajiri wanaweza kujipanga watatu au wanne wa mtaa mmoja. Jumamosi ya pili ya kila mwezi, ambayo serikali iliitenga kuwa siku ya mazoezi tangu mwishoni mwa 2016, ni nafasi nzuri ya kuanza, mradi isiwe ndiyo siku pekee.

Wapo wanaoanza vizuri na kukatishwa tamaa na maneno ya watu. Kwa wengi unene bado ni dalili ya neema, na anayepungua huulizwa kama anaumwa au kama nyumbani kuna matatizo. Swali hilo linaudhi, lakini lina chembe ya busara. Mtu anayepungua bila kukusudia, hasa akiwa na kikohozi, homa au jasho jingi usiku, afike zahanati mapema kupimwa kifua kikuu na maradhi mengine. Aliyekusudia, anayekula vizuri na mwenye nguvu za kazi, hana sababu ya kuona aibu. Ndugu na majirani wakielezwa mapema, maneno hupungua.

Baadhi ya wakazi hawapaswi kuanza bila ushauri. Mjamzito hapunguzi uzito, na anayenyonyesha azungumze kwanza na mtoa huduma. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge akipunguza chakula ghafla anaweza kushukiwa na sukari hadi kupoteza fahamu, hivyo dozi hupangwa upya na tabibu wake. Anayetumia dawa za shinikizo la damu asiziache kwa kuwa amepungua. Maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa mazoezi ni sababu ya kusimama na kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa wengine wote, urefu na uzito vinaweza kupimwa katika zahanati iliyo karibu, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumwelekeza mkazi kwa Afisa Lishe wa Wilaya iwapo maswali yatazidi. Mkazi aende na daftari dogo, aandike tarehe, uzito na mzunguko wa kiuno, kisha arudie kipimo baada ya wiki nne, kwenye mizani ileile na akiwa amevaa nguo nyepesi.