Maradhi Yanapoleta Marufuku: Kwa Nini Wengi Hawaamini?

Wakazi wa Mahurunga na vijiji vya jirani kandokando ya mto Ruvuma wanajua kuwa mto huu ni mpaka kwenye ramani tu. Mtu ana shamba la mpunga huku, na shangazi yake yuko ng'ambo, Msumbiji. Mtumbwi huvusha samaki, wagonjwa na watu waendao msibani. Ndiyo maana mwaka 2020 watu wa huku walipata somo ambalo wengi nchini hawakulipata: ugonjwa mmoja, mto mmoja, na amri mbili zinazopingana.

Ng'ambo, Serikali ya Msumbiji ilitangaza hali ya hatari kuanzia tarehe 1 Aprili 2020. Mipaka ilibanwa, ibada za pamoja zikasimamishwa, na barakoa ikawa lazima sokoni na kwenye vyombo vya usafiri. Upande wetu, mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi, na shule zikafungwa mara moja, lakini makanisa na misikiti iliachwa wazi. Kisha takwimu za Taifa zikakoma kutolewa kwa muda mrefu, zikiwa zimefika wagonjwa 509, waliokufa 21. Baada ya hapo, kimya. Mwezi Mei Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za mbuzi na za papai zilipelekwa maabara kwa siri na majibu yakaonyesha kuwa zina virusi. Mwezi Juni alitangaza kwamba nchi imepona kwa maombi.

Je, mzazi aliyekaa katikati ya amri hizi mbili amwamini nani? Kama upande mmoja wa mto mtu anakamatwa kwa kutovaa barakoa, na upande wa pili anachekwa kwa kuivaa, atahitimisha kwamba jambo hili ni la wakubwa na siasa zao, wala si la ugonjwa. Huo si ujinga. Ni hesabu ya mtu mwenye akili ambaye hakupewa maelezo.

Tena mikoa yetu ya kusini ina kumbukumbu zake. Mwaka 2013 kulikuwa na ghasia Mtwara juu ya bomba la gesi, na askari wa jeshi wakaletwa. Mwaka 2018 jeshi liliagizwa kununua korosho. Wengine watasema hayo si mambo ya ukurasa wa afya. Lakini mtu haachi kumbukumbu zake nje ya mlango wa zahanati. Anayesikia leo tangazo la "marufuku kukusanyika" hulisikiliza kwa masikio yale yale aliyosikilizia matangazo ya jana.

Wala sisi si wa kwanza. Nchini Thailand sheria ya hali ya hatari iliyowekwa Machi 2020 kwa ajili ya korona ilidumu mpaka mwisho wa Septemba 2022. Katika muda huo vijana waliandamana mjini Bangkok wakidai mabadiliko ya utawala, na amri zile zile za kuzuia mikusanyiko zikatumika dhidi yao. Baada ya hapo raia wengi waliuliza kama kinachozuiwa ni virusi au ni midomo ya watu. Serikali ikichanganya mambo hayo mawili, hata amri yake iliyo ya kweli kabisa itatiliwa shaka.

Sasa tutazame jambo lililo karibu nasi zaidi, yaani kipindupindu. Hapa mashaka yameua watu.

Kaskazini mwa Msumbiji, kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, umekuwapo uvumi kwamba wafanyakazi wa afya na viongozi hutia kipindupindu visimani. Chanzo kimojawapo ni maneno tu. Kwa Kireno klorini, dawa ya kusafisha maji, huitwa cloro, na kipindupindu huitwa cólera. Mwanakijiji anasikia kwamba watu wa Serikali wamekuja kutia "kloro" kisimani, na baada ya siku chache watoto wanaharisha. Dawa ilikuja kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaingia, lakini yeye anaona dawa ikitangulia na ugonjwa ukifuata. Wafanyakazi wa afya wamepigwa, na wengine wameuawa. Mwanasosholojia wa Msumbiji, Carlos Serra, aliyeandika kitabu juu ya matukio hayo mwaka 2003, hakuwaita watu hao washenzi. Aliona katika ghasia zao kilio cha watu waliosahauliwa, wasiomwona mtu wa Serikali ila siku ya balaa.

Tarehe 7 Aprili 2024 mashua ya uvuvi iliyojaa watu kupita kiasi ilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, mkoani Nampula. Zaidi ya watu 90 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Viongozi wa huko walieleza kwamba abiria walikuwa wakikimbia hofu iliyoenezwa na uvumi juu ya kipindupindu. Watu hao waliuawa na uvumi kabla ugonjwa haujawafikia.

Kwetu Tanzania mlipuko ulioanza Agosti 2015 ulidumu zaidi ya miaka miwili, ukapata watu zaidi ya 33,000 na kuua zaidi ya 500. Kipindupindu kinapozuka, mara nyingi marufuku ya kwanza humwangukia mama lishe, muuza matunda na muuza samaki. Tuseme kweli: anayeandika amri hiyo ana mshahara mwisho wa mwezi, na anayeitii analala njaa usiku ule ule. Akiuliza maswali, asiitwe mkaidi.

Kanisa nalo lilipitia jaribu hili. Januari 2021, wakati neno korona lilikuwa halitajwi hadharani na matangazo ya vifo yalisema "changamoto ya kupumua", Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa barua likikumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa, na waumini wajikinge. Mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili mapadre 25 na masista 60 walikuwa wamefariki, wakiwa na matatizo ya kupumua. Hesabu kama hiyo huweza kumfanya mtu anawe mikono bila kutishwa na polisi.

Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, lakini watu walisitasita. Mwanzoni mwa 2022 waliokuwa wamekamilisha chanjo hawakufika mtu mmoja katika kumi. Ndipo wahudumu walipofuata watu vijijini, nyumba kwa nyumba, wakakaa na wazee na viongozi wa dini na kujibu maswali. Kufikia mapema mwaka 2023 karibu nusu ya Watanzania walikuwa wamechanjwa.

Basi bwana afya akija kijijini na dawa ya maji, wazazi, muulizeni bila hofu: dawa hii inaitwaje, inatiwa kiasi gani, inafanya kazi gani? Mwombeni ayatie dawa maji mbele yenu na ayanywe yeye kwanza. Bwana afya anayeijua kazi yake hatakasirika. Kama biashara imezuiwa, mwulizeni ni kwa siku ngapi, na ni jambo gani likitimizwa ndipo itafunguliwa.

Lakini maswali yasimcheleweshe mgonjwa. Kipindupindu kikali huweza kumwua mtu mzima kwa saa chache kwa kummaliza maji mwilini. Akitibiwa mapema, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Mpe mara moja maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hayapo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kijiko cha kusawazisha, ukoroge. Mnyweshe kidogo kidogo bila kukoma. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee. Mama anyonyeshaye asiache kunyonyesha. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, hata usiku, na njiani mwendelee kumnywesha.