Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutufafanulia, hata hivyo, ni mwenyeji wa namna gani aponaye. Je, ni yule aketiye barazani akingojea zawadi, au ni yule aliyekwisha kulima shamba lake na kuwasomesha wanawe? Swali hili lamhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi, kwani vijana wetu huambiwa kila uchao kwamba wawekezaji wa kigeni ndio watakaowapa kazi. Tutazame yaliyoipata Ireland, nchi ndogo ya magharibi mwa Ulaya.

Kuanzia mwaka wa 1932, serikali ya Ireland ilijifungia mlango. Bidhaa za kigeni zilitozwa ushuru mkubwa, na sheria ikawabana wageni wasimiliki viwanda. Nia ilikuwa njema, lakini soko la nyumbani lilikuwa dogo mno, na viwanda vikadumaa. Katika miaka ya 1950 watu wapatao 400,000 walihama, wengi wao wakielekea Uingereza. Kufikia 1961 waliobaki walikuwa milioni 2.8 tu. Nchi iliyozoea kuuza ng'ombe ng'ambo ikawa inapeleka huko hata vijana wake.

Mnamo 1958, T. K. Whitaker, katibu katika Wizara ya Fedha, aliandika ripoti iliyoshauri mlango ufunguliwe. Seán Lemass, ambaye akiwa waziri ndiye aliyezijenga kuta za ushuru, alikuwa waziri mkuu mwaka uliofuata, na hakuona haya kuanza kuzibomoa. Mwaka huo huo wa 1959, eneo huru la viwanda lilianzishwa kando ya uwanja wa ndege wa Shannon, ambao ulikuwa hatarini kukosa kazi kwa kuwa ndege mpya za jeti ziliweza kuvuka bahari bila kutua hapo kutia mafuta. Faida iliyotokana na bidhaa zilizouzwa nje ikasamehewa kodi.

Wengi huishia hapo, wakadhani siri yote ni msamaha wa kodi. La hasha! Mnamo Septemba 1966, Waziri wa Elimu Donogh O'Malley alitangaza kwamba karo ya shule za sekondari itaondolewa. Mpango ulianza 1967, pamoja na mabasi ya bure kwa wanafunzi waishio mbali. Vyuo vya ufundi vya mikoa vikafuata tangu 1970. Mwaka wa 1973 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Basi kampuni ya Apple ilipofika Cork mwaka wa 1980, na Intel ilipofika Leixlip mwaka wa 1989, zilikuta vijana waliosoma na soko kubwa lililo wazi. Kodi yaweza kupunguzwa na nchi yoyote katika bajeti ya siku moja, ilhali kizazi kilichosoma hakipatikani kwa siku moja.

Tusidanganyane, lakini, kwamba mambo yalikuwa shwari. Ripoti ya Telesis ya 1982 ilionya kwamba serikali iliwaegemea wageni mno na kuvisahau viwanda vya wenyeji. Katikati ya miaka hiyo ya 1980, zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi hawakuwa na ajira, na waliosoma wakahama tena. Mwaka wa 2009 Dell ilitangaza kuhamishia Poland kazi ya kuunda kompyuta, na watu wapatao 1,900 wa Limerick wakaachwa. Mwaka wa 2015 pato la taifa lilikua kwa takriban asilimia 25 kwenye vitabu, kwa sababu kampuni za kigeni zilihamishia mali zao huko; mfukoni mwa mwananchi hapakuwa na ongezeko kama hilo. Na Tume ya Ulaya ilipoamuru Apple iilipe Ireland kodi ya Euro bilioni 13, Ireland yenyewe ilikwenda mahakamani kupinga kulipwa, hadi iliposhindwa mnamo Septemba 2024. Mwenyeji amwogopaye mgeni wake kiasi hicho, je, amepona?

Mfano wa Shannon umeigwa kote duniani. Kenya nayo ilipitisha sheria ya maeneo ya EPZ mwaka wa 1990, na Athi River viwanda vipo. Tuliiga msamaha wa kodi. Je, tumeiga na ule moyo wa kuwekeza darasani na katika viwanda vya wenyeji? Wahenga hao hao walituagiza kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini ampaye mgeni jembe sharti awe nalo. Jembe letu hufuliwa shuleni, na mfuaji wake ni mwalimu. Asipotunzwa yeye, mgeni atakuja, atakula, na atakwenda zake.